Samaki Anaumwa, au Maji Ndiyo Yanaumwa?

Mwezi wa saba, Arusha, saa mbili usiku, baridi ile ya kuvaa sweta juu ya sweta. Kinyozi wangu wa maeneo ya Sakina akanipigia simu. "Kaka, samaki wananifia. Wako juu wanahema tu. Nimewawekea ile dawa ya bluu, nikaongeza na kapsuli mbili za amoksilini, ndiyo kwanza hali inazidi."

Tangi lake liko pembeni ya kioo, pale wateja wanapokaa kusubiri zamu. Nilipofika, maji yalikuwa ya bluu kama ya kusuuzia mashati ya shule. Moli wanne na gapi kadhaa walikuwa wamejipanga juu, midomo imegusa hewa, wanatweta. Goldfishi wawili walikuwa wamelala chini, mapezi wameyabana mwilini. Nikamuuliza jambo moja tu: wiki hii umefanya nini kwenye tangi?

"Nimefanya usafi, kaka. Nimetoa lile sponji la filta, nikalifua bombani mpaka likawa kama jipya."

Hapo nikamjua mgonjwa. Hakuwa samaki, yalikuwa maji. Tena kwa dawa zile mbili, tabibu alikuwa amemwongezea mgonjwa ugonjwa wa pili.

Samaki anakula, anapumua na kujisaidia ndani ya maji yale yale. Taka yake kubwa ni amonia, na sehemu kubwa ya amonia hiyo hutoka kupitia matamvua, yale mashavu mekundu anayopumulia. Ziwani amonia inapotea kwenye maji mengi. Kwenye tangi la futi mbili haina pa kwenda, isipokuwa kama kuna wa kuila. Wapo: ni bakteria wanaoota kwenye sponji, kwenye mchanga na kwenye mawe. Kundi la kwanza linageuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi la pili linageuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia mpaka utakapobadilisha maji. Tangi jipya huhitaji kama wiki nne hadi sita kuota jeshi hilo, na kwenye baridi muda unarefuka. Lile tope la kahawia kwenye sponji, linalomkera kila mpenda usafi, ndilo jeshi lenyewe. Ukilifua kwa maji ya bomba yenye klorini umelimwaga kwenye sinki. Sponji husafishwa kwa kuliminya mara mbili tatu ndani ya ndoo yenye maji ya tangi hilo hilo, basi.

Nilikuwa na vipimo vyangu vya matone mfukoni, lakini havikunisaidia usiku ule. Vipimo hivyo husomwa kwa rangi, na maji ya bluu hayasomeki. Hiyo ndiyo hasara ya kwanza ya kumwaga dawa kabla ya kupima: unafuta ushahidi. Hasara ya pili ni kwamba dawa ya bluu, ile methilini bluu, inawaua bakteria wachache waliokuwa wamesalia.

Bahati yake ni mgao wa maji. Kwa kuwa bomba halitoki kila siku, saluni ina madumu manne ya lita 20 yaliyojazwa tangu juzi, na klorini ya kawaida huruka yenyewe maji yakikaa wazi kwa siku moja hivi. Tukatoa nusu ya maji, tukajaza ya madumu taratibu, tukaongeza jiwe la hewa, na chakula kikapigwa marufuku siku mbili. Asubuhi tukatoa tena theluthi. Bluu ilipopauka vya kutosha nikapima: amonia miligramu 1 kwa lita, hata baada ya kupunguza maji yote yale. pH, ile namba ya uchachu au ugadi wa maji, ilikuwa 8.4. Walikufa watano. Goldfishi wote wawili wako hai hadi leo, na mmoja ameota tumbo kama la mwenye saluni.

Maji yetu na ile namba ya pH

Hapa Arusha pana jambo ambalo maelekezo mengi ya mtandaoni hayaligusi, kwa sababu waliyaandika watu wenye maji mengine.

Kila mtu anajua kuhusu floraidi ya maji ya Meru. Meno ya kahawia ya watu waliokulia Ngaramtoni na Usa River ni kitambulisho tosha. Wafugaji wa samaki nao huisingizia floraidi kila kifo. Sina sababu ya kuitetea, lakini kwa samaki si swali la kwanza. Linalohusika zaidi ni kile kinachoambatana nayo. Miamba ya volkano inayotoa floraidi hutoa pia magadi, kwa hiyo maji mengi ya upande huu yana pH ya juu. Na pH ndiyo inayoamua amonia iwe kali kiasi gani.

Amonia ndani ya maji iko kwa sura mbili. Moja ina chaji ya umeme na hupita kwenye matamvua kwa shida; hii samaki anaistahimili. Nyingine haina chaji, inapenya kama moshi kwenye chandarua, na hiyo ndiyo inayoua. Kipimo cha dukani kinazihesabu zote pamoja. Kwenye maji ya nyuzi 20 yenye pH 7, ile kali haifiki hata nusu asilimia ya jumla. Kwenye pH 8.4 inafika karibu asilimia 9. Yaani kipimo kinasoma namba ile ile, lakini samaki wa Sakina amevuta sumu zaidi ya mara ishirini ya samaki wa mtu mwenye maji ya pH 7. Ndiyo maana ukisoma mahali kwamba "amonia 1 si mbaya sana," uliza kwanza aliyeandika anachota maji wapi. Joto nalo linaongeza: kadiri maji yanavyopashwa, ndivyo sehemu ile kali inavyokua.

Kuna na mwinuko. Mji wa Arusha uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji yanashika oksijeni pungufu kwa takriban asilimia 15 ukilinganisha na Dar es Salaam, joto likiwa sawa. Moshi, iliyo chini kidogo, upungufu wake ni karibu asilimia 10. Samaki mzima hata hajui. Samaki mwenye matamvua yaliyoungua kwa amonia, kwenye tangi ambalo pampu imezimika kwa sababu umeme umekatika, anajua sana.

Uzuri wa maji haya ni kwamba wapo samaki wanaoyapenda. Wale wa Ziwa Tanganyika wamezoea pH inayokaribia 9, na mbuna wa Ziwa Nyasa nao hawataki maji ya chini. Neoni tetra wa Amazoni, ambaye kwao ni maji laini yenye uchachu kidogo, akiletwa hapa anaanza maisha akiwa nusu mgonjwa, halafu tunashangaa anapodakwa na kila ugonjwa unaopita.

Nani anaumwa, na wameanza lini

Kabla ya kutazama madoa, hesabu vichwa. Samaki wote wakibadilika ndani ya saa chache, wa aina zote, wadogo na wakubwa, hiyo si homa ya kuambukizana. Ni maji: amonia, klorini, kukosa hewa, au mtu amepuliza dawa ya mbu chumbani. Dawa nyingi za wadudu za jamii ya pairethroidi ni sumu kali kwa samaki, na pampu ya hewa inaivuta ile hewa ya chumba na kuisukuma moja kwa moja majini. Wakianza mmoja leo, wawili keshokutwa, watatu wiki ijayo, hapo una kimelea au bakteria, na mara nyingi aliingia na samaki mgeni. Akiwa mmoja tu, wiki ya tatu sasa, wenzake wanacheza, basi huenda ni la kwake mwenyewe: uzee, uvimbe, kuonewa na wenzake, au goldfishi mnene aliyefunga choo akaelea kichwa chini.

Halafu tazama mwenendo, ukiwa umekaa kwenye kiti, si umeinama kwenye kioo. Samaki akikuona anaigiza uzima. Anajisugua kwenye mawe? Kitu kinamwasha ngozi. Anakuja chakula kikimwagwa kisha anakitema? Tazama mdomo na koo. Kinyesi chake ni cheupe na chembamba kama uzi? Utumbo. Anahema haraka kuliko wenzake wa aina yake, lakini ngozi iko safi? Matamvua, ama kwa sumu ama kwa minyoo bapa. Anasimama mbele kabisa ya bomba la filta siku nzima? Naye anatafuta hewa, ila kwa adabu zaidi kuliko wale wanaotweta juu.

Nitriti ina alama yake. Inaingia kwenye damu na kuiharibia uwezo wa kubeba oksijeni, damu inageuka rangi ya chokoleti, na matamvua yaliyopaswa kuwa mekundu yanakuwa ya kahawia. Samaki anakosa pumzi kwenye maji yenye hewa tele. Hapa chumvi ni dawa ya kweli, kwa maana chembe za kloridi zilizo ndani yake zinagombea mlango ule ule wa matamvua na kuizuia nitriti isipite. Robo gramu kwa lita inatosha kufanya kazi hiyo. Na chumvi ya jikoni yenye madini joto haina neno. Kiasi cha iodini kilichomo ni kidogo mno kumdhuru samaki. Nimechoka kuwasikia watu wakisafiri mpaka Dar kutafuta "chumvi ya samaki."

Chawa mwenye watoto wengi

Sasa madoa meupe, ugonjwa ambao kila mfugaji ataupata mara moja. Samaki anaonekana kama amenyunyiziwa chumvi: vidoa vidogo, vya saizi moja, vilivyoinuka, kuanzia kwenye mapezi. Kimelea chake kilipewa jina mwaka 1876 na Mfaransa Fouquet: Ichthyophthirius multifiliis. Ukilifasiri, ni chawa wa samaki mwenye watoto wengi. Jina hilo ni maelezo kamili ya ugonjwa, ukilisikiliza.

Kile kidoa unachokiona ni kimelea kikubwa kimejificha chini ya ngozi ya juu, kinakula. Kikishiba kinatoboa, kinaanguka chini, kinajifunika ganda na kuanza kujigawa: wawili, wanne, wanane, mpaka mamia, pengine zaidi ya elfu. Ganda linapasuka, watoto wanatoka kuogelea kutafuta samaki. Wasipompata ndani ya siku mbili hivi, wanakufa. Mzunguko wote kwenye nyuzi 25 huchukua wiki moja au chini ya hapo. Kwenye nyuzi 15 huvuta wiki mbili au zaidi.

Dawa yoyote utakayoweka majini haimfikii aliye chini ya ngozi, wala aliye ndani ya ganda. Inamuua yule anayeogelea tu. Kwa hiyo siku ya nne madoa yakitoweka, usisherehekee. Hayajapona, yameanguka. Yako kwenye mchanga yanazaa. Anayeacha dawa siku hiyo, wiki inayofuata anarudi dukani kulalamika kuwa ameuziwa feki. Tibu siku kumi hadi kumi na nne, na usiache mpaka zipite siku kadhaa tangu doa la mwisho lionekane.

Kwa Arusha ya mwezi wa sita na wa saba, tangi lisilo na hita huweza kulala nyuzi 18 au chini yake, kinga ya samaki inasinzia, na madoa yanalipuka. Ninachofanya mimi ni kupandisha joto polepole, nyuzi moja au mbili kwa siku, mpaka 28 au 30. Joto linauharakisha mzunguko ili watoto watoke upesi wakutane na dawa, na kwenye nyuzi 30 kimelea kinashindwa kuzaa vizuri. Naongeza chumvi gramu 2 kwa lita, nafyonza uchafu wa mchangani kila siku kwa sababu humo ndimo yalimo yale maganda, na nawasha pampu ya hewa mchana na usiku. Hiyo ya pampu si hiari. Maji ya nyuzi 30 yanashika hewa kidogo, na ya Arusha yameshapungukiwa tangu mwanzo. Kambare na wengine wasio na magamba hawapendi chumvi nyingi wala dawa za rangi. Wape nusu na uongeze siku. Goldfishi usimpeleke 30, ni samaki wa baridi. Kwake tegemea chumvi na subira.

Kama madoa ni madogo zaidi ya hapo, ya manjano kama vumbi la dhahabu, na unayaona vizuri ukizima taa na kummulika samaki kwa tochi ya simu kutoka ubavuni, huyo ni kimelea mwingine. Ana chembe za kijani mwilini na hujilisha kwa mwanga kama mmea, hivyo kufunika tangi kwa blanketi ni sehemu ya tiba.

Pamba isiyo pamba

Mimi nimeua samaki wengi kuliko yule kinyozi, na nitasimulia kosa moja kwa kuwa bado linaniuma. Nilikuwa na Oska wawili, wakubwa kama kiganja, wanaokula mkononi. Jumatatu mmoja akawa na weupe mdomoni, kama aliyekula uji asijifute. Nikajiambia: fangasi, wa baridi. Nikapandisha joto mpaka 30 na kuweka dawa ya fangasi. Jumanne jioni weupe umemzunguka mgongoni chini ya pezi, umekaa kama tandiko la punda. Jumatano wote wawili walikuwa wamekufa.

Haikuwa fangasi. Ilikuwa bakteria aitwaye Flavobacterium columnare, anayejisokota nyuzi kiasi cha kuonekana kama pamba, na ambaye joto ndilo sherehe yake. Nilimpikia. Fangasi wa kweli wa samaki hupanda juu ya kidonda kilichokuwepo, au mayai yaliyokufa. Nyuzi zake ni ndefu, zinasimama na kupeperuka majini kama pamba iliyochambuliwa, na huchukua siku nyingi kuenea. Huyu bakteria analala bapa, mweupe wa kijivu, kingo zake mara nyingine za manjano au nyekundu, anapenda midomo na mgongo, na anaweza kumaliza kazi kwa siku mbili. Kwa madoa meupe unapandisha joto. Kwa huyu unalishusha mpaka 23 au 24, unamtenga mgonjwa, unaongeza hewa na chumvi, na kama bado anakula unampa antibiotiki ndani ya chakula. Dalili zinafanana kwa mbali, tiba zinakwenda pande mbili. Usipokuwa na uhakika, acha joto lilipo.

Uhakika wenyewe hauko mbali kama watu wanavyodhani. Jirani yangu wa zamani kule Rau, Moshi, anafundisha baiolojia sekondari. Siku moja nikampelekea gapi kwenye jagi. Akaniambia, "Mangi, leta huyo mgonjwa maabara wanafunzi wakishatoka." Tukamshika kwa kitambaa kilicholowa, tukakwangua ute wa ubavuni kwa ukingo wa kipande cha kioo, mara moja tu, kutoka kichwani kwenda mkiani, samaki akarudi majini ndani ya sekunde chache. Tone la maji ya tangi juu ya ule ute, kifuniko, darubini ya shule ya mara mia. Pale pale akaonekana yule chawa wa madoa meupe: duara jeusi linajizungusha taratibu, ndani yake kiini kilichopinda kama kiatu cha farasi. Hakuna kingine chenye kiini cha namna ile. Mwalimu aliita mlinzi aje aone. Kama ungekuwa mnyoo bapa wa ngozini, tungeona kitu kirefu chenye kulabu kinajinyoosha na kujikunja.

Famasini na duka la mifugo

Dawa za samaki zenye chupa nzuri ni adimu hapa na bei yake ni ya kukatisha tamaa, kwa hiyo watu wanakwenda famasi na kwenye maduka ya dawa za mifugo. Si vibaya, mradi ujue unachukua nini, na umweleze mfamasia ukweli kwamba ni ya samaki.

Prazikwanteli, ile ya kichocho, ndiyo hiyo hiyo inayoua minyoo bapa ya samaki. Ni jamaa mmoja wa minyoo. Kidonge cha kawaida kina miligramu 600. Kwa tangi la lita 50, robo ya kidonge iliyosagwa unga laini inakupa miligramu 3 kwa lita, na hiyo inatosha. Metronidazo, Flagyl kwa jina la mtaani, inafaa kwa vimelea vya utumbo, wenye kinyesi cheupe na vichwa vinavyochimbika mashimo. Inafanya kazi vizuri zaidi ikichanganywa na chakula. Levamisoli, ya minyoo ya mbuzi, inawalegeza wale minyoo wekundu wanaochungulia kwenye haja ya gapi na moli: miligramu 2 kwa lita, saa 24, kisha fyonza sakafu na badilisha maji, halafu rudia baada ya wiki mbili tatu. Soma lebo. Chupa nyingi za mifugo zina levamisoli pamoja na dawa ya pili ya minyoo ya ini. Hiyo ya pili usiipeleke kwa samaki. Tafuta iliyo peke yake.

Unga wa oksitetrasaiklini wa kuku ndio unaotumika vibaya kuliko vyote. Watu wanaumwaga majini kijiko kizima. Majini dawa hii hushikana na kalsiamu na magnesi, na nyingi haimfikii samaki kamwe. Inaishia kuvuruga filta na kuwafundisha bakteria usugu. Amoksilini ya kinyozi nayo ni hivyo hivyo: bakteria wengi wa samaki ni wa kundi ambalo dawa hiyo haiwatishi sana. Antibiotiki ina nafasi yake pale tu penye kidonda kinachokua, wekundu unaotambaa au ule mdomo mweupe, tena ndani ya chakula. Ile zambarau ya kuoshea mboga, pamanganeti, nimeiacha kabisa. Kati ya kiasi kinachotibu na kinachoua pana nafasi ya ukucha.

Kosa kubwa famasini, lakini, si la dawa, ni la hesabu. Kinyozi aliambiwa na aliyemuuzia kwamba tangi lake ni la lita mia. Tulipima kwa futi ya fundi: urefu sentimita 60, upana 30, maji yanafika 32. Zidisha, gawanya kwa 1,000: lita 57.6. Toa mchanga na mawe, bakisha kama 50. Kila dozi aliyowahi kuweka ilikuwa maradufu. Na ukiweka dawa, toa mkaa kwenye filta, maana utainyonya yote, halafu utasema dawa ni feki.

Magamba yakisimama kama koni ya msonobari na tumbo kujaa, hiyo ni dalili, si ugonjwa wenyewe: figo zimeshindwa, maji yanabaki mwilini. Jaribu ukipenda. Wachache sana wanarudi.

Mikono yako na ule mpira

Hapa nyumbani tunafyonza maji ya tangi kama tunavyofyonza petroli: mpira mdomoni, vuta, tema. Acha. Kuna bakteria wa jamii ya kifua kikuu, Mycobacterium marinum, ambaye mwanasayansi Aronson alimweleza mwaka 1926 kutoka kwa samaki wa akwariamu ya Philadelphia. Samaki wenye ugonjwa huo wanakonda mgongo, wanapinda uti, wanakufa mmoja mmoja kwa miezi. Kwa binadamu huingia kupitia mchubuko na kuacha uvimbe mgumu wa vidoleni au mkononi usiopona kwa wiki nyingi, na tiba yake ni ya miezi. Ukienda hospitali na kidonda cha namna hiyo, mwambie daktari unafuga samaki; bila hiyo atapoteza muda mrefu kwenye njia nyingine. Vaa glavu kama una jeraha. Ule mpira ujaze maji bombani, ziba ncha zote kwa vidole, zamisha moja, achia nyingine ndani ya ndoo. Maji yatakwenda yenyewe.

Samaki mgeni akae kwenye beseni au ndoo kubwa yenye sponji dogo na hewa, wiki tatu hadi nne, na nyavu yake mwenyewe. Sponji hilo liweke kwenye filta yako mwezi mmoja kabla, ili liingie kazini likiwa na bakteria.

Na yule ambaye hatapona, usimtupe chooni akiwa hai wala kumwacha juu ya zege. Mafuta ya karafuu kutoka Pemba yanauzwa sokoni kwenye vichupa vidogo kwa ajili ya meno. Weka samaki kwenye lita moja ya maji yake. Tikisa matone kumi ya mafuta ndani ya chupa ya maji vuguvugu mpaka yawe meupe kama maziwa, maana mafuta hayachanganyiki yenyewe, kisha mimina kidogo kidogo. Kwanza anapoteza mizani, halafu analala. Akishalala, tengeneza nyingine kama hiyo umalizie. Matamvua yakisimama, subiri nusu saa nzima kwa saa, usikadirie. Mzike kwenye shina la mgomba. Maji yake yamwage hapo hapo shambani, si mto Themi wala kwenye mfereji unaoshuka kwa jirani, kwa kuwa vimelea havijui mpaka wa shamba.